Prius ya 2010 kwa mama wa Ruashi: batri kubwa inapimwa, haiogopwi

SWALI: Jambo Papa fundi. Ninakaa Ruashi, ninauza vitenge katika soko la Kenya hapa Lubumbashi. Akiba yangu imetosha kununua motokari ndogo ya kwenda kazini na kubeba mizigo kidogo. Mdogo wangu amenionyesha Toyota Prius ya 2010, ile gari inayotumia esansi (petroli) na umeme pamoja, imetoka Japani, imepitia Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa. Fundi wetu wa mtaani amekataa kabisa, anasema batri kubwa ikifa gari nayo imekufa. Kijana wangu anayesoma UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anasema niiache, ningojee gari ya umeme mtupu, maana kobalti, madini ya kutengenezea batri, ni ya kwetu na bei itashuka. Na redioni wanasema mafuta ya mimea yanakuja. Nishike la nani?

JIBU: Jambo Mama. Umefanya vizuri kuuliza kabla pesa hazijatoka mkononi. Wengi wanafika kwangu wakati gari tayari inavutwa kwa kamba.

Prius hiyo unaweza kuinunua, lakini usiinunue kwa macho wala kwa maneno ya muuzaji. Gari ya namna hii inanunuliwa kwa kupimwa. Ikipimwa ikakutwa salama, itakutumikia vizuri. Ikikataliwa kupimwa, ondoka, hata kama rangi yake inang'aa kama kioo. Fundi wako anaogopa kitu cha kweli, ila amekielekeza mahali pasipo penyewe.

Tuanze na hiyo batri inayotisha watu. Iko nyuma, chini ya sakafu ya buti, ndani ya sanduku la chuma. Ukifungua unakuta vipande 28 vimesimama bega kwa bega kama vitabu kwenye rafu. Kila kimoja kina volti 7.2, vyote pamoja vinatoa 201.6. Ndani yake hakuna lithiamu. Ni batri ya nikeli, ya ukoo uleule ambao Toyota iliutumia tangu ilipotoa Prius ya kwanza Japani mwezi wa Desemba 1997. Kompyuta ya gari inavisoma vipande hivyo viwili viwili, kwa hiyo inaona mafungu 14. Fungu moja likianza kushuka kuliko wenzake, taa ya pembetatu nyekundu inawaka, na mashine ya kusoma makosa inaandika P0A80. Hapo ndipo unapoambiwa batri imekufa, ununue nzima.

Mara nyingi haijafa nzima. Dereva mmoja wa taksi aliniletea Prius ya umri kama wa hiyo yako. Garaji nyingine ilikuwa imekwisha kumwambia atafute batri mpya, na mwanamume yule alikaa kwenye benchi langu bila kusema neno, maana hiyo batri ilikuwa karo ya watoto wake. Nilichomoa plagi ya usalama, ile yenye mshiko wa rangi ya machungwa, nikaitia mfukoni mwangu ili mtu asije akairudisha bila mimi kujua. Nikangoja dakika 10, chaji iliyobaki kwenye mitambo ishuke. Nikavaa glavu za mpira za kazi ya umeme mkubwa, nikafungua kifuniko. Nilichokiona kilikuwa shaba yetu hii hii: vile vibamba vidogo vinavyounganisha kipande na kipande vilikuwa vimeota kutu, kijani kizito kama cha malakiti, yale mawe wanayochonga na kuuza mjini. Vinne vilikuwa vimeliwa sana. Umeme ulikuwa unapita kwa shida, kompyuta ikadhani vipande vyenyewe vimechoka. Nikavitoa vyote, nikavilaza usiku kucha katika siki na chumvi, asubuhi nikavisafisha kwa maji na kuvisugua kwa msasa laini mpaka rangi nyekundu ya shaba ikarudi. Nikavifunga kwa ufunguo wa kipimo, kwa sababu nati zake ni dhaifu. Ukizikaza kama za gurudumu unavunja skrubu na kipande kimekwenda. Taa ilizima. Yule dereva bado anapita mbele ya garaji akinipigia honi.

Sikuelezi hivi ili mtu aende kujaribu nyumbani. Volti 200 za batri hazikupi mshituko wa kukufundisha, zinaua. Fundi anayegusa kebo za rangi ya machungwa bila glavu na bila kuchomoa plagi, usimpe gari yako hata kama ni ndugu. Na sidai kwamba kila batri inapona kwa msasa. Nyingine vipande vyake vimechoka kweli. Ukibadilishiwa kimoja kwa kilichotolewa kwenye gari nyingine bila kupimwa na kulinganishwa na wenzake, dawa hiyo ni ya miezi, halafu kinaanguka cha jirani.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kazi yako ya vitenge inapoingia. Batri hiyo inapozwa kwa hewa, na hewa inavutwa kutoka ndani ya gari, mahali ambapo abiria wanakaa. Tazama pembeni ya kiti cha nyuma, utaona kidirisha cha plastiki chenye matundu. Nyuma yake kuna feni ndogo. Hapa kwetu, kuanzia Mei mpaka Septemba, vumbi jekundu linaingia kila mahali, na feni hiyo inalimeza lote. Nimewahi kutoa kwenye feni moja kitu kilichoshikana kama blanketi: vumbi, nywele na nyuzi za nguo. Sasa fikiria wewe, gari imejaa vitenge vipya vinavyomwaga nyuzi, na balo moja limeegemea kidirisha hicho. Batri inapikika yenyewe polepole, wala hutasikia kitu. Ukiinunua, mizigo ikae kwenye buti au upande mwingine, kidirisha kibaki wazi siku zote, na kila miezi mitatu fundi afungue feni aisafishe kwa brashi. Ni kazi ya saa moja. Batri nyingi nilizoziona zimekufa mapema zilikosa hiyo saa moja tu.

Nilisema fundi wako ameelekeza woga mahali pasipo penyewe. Kwa Prius ya kizazi hicho, kile kilichotoka 2009, mimi ninaogopa zaidi moteri ya esansi kuliko batri. Moteri ile ya lita 1.8 inarudisha sehemu ya moshi wake ndani ili ichomwe tena. Moshi huo unapitia kwenye kipoozeo chenye njia nyembamba, na njia hizo zinajaa masizi mwaka baada ya mwaka. Zikiziba, joto linapanda ndani ya silinda, na mwishowe jointi ya kulasi inaachia, yaani ule ubamba mwembamba unaokaa kati ya kichwa cha moteri na mwili wake. Maji ya kupoza yanaingia silindani kidogo kidogo usiku. Asubuhi ukiwasha, moteri inatetemeka kama mtu mwenye malaria, kwa sekunde kadhaa, halafu inatulia. Muuzaji anajua hilo. Ndiyo maana ukifika saa nne unakuta gari imekwisha kupashwa moto, eti alikuwa anaiosha.

Kwa hiyo mwambie mdogo wako muende alfajiri, bila kupiga simu ukiwa njiani. Wekeni mkono juu ya kifuniko cha moteri: kikiwa cha moto, rudini kesho. Kikiwa baridi, fungueni mtazame maji. Kuna vyombo viwili vya maji ya kupoza, kimoja cha moteri na kingine cha mtambo wa umeme, na maji yawe ya rangi ya waridi, yafike kwenye alama. Kikiwa na maji ya bomba, mtu huyo amekuwa akiongeza maji yanayopotea, na hayapotei bila sababu. Halafu washa. Usishangae kama hakuna mlio. Gari iko tayari neno READY likitokea. Iache ikae mpaka moteri iwake yenyewe, na usikilize ile tetemeko niliyokueleza.

Baada ya hapo anaingia fundi mwenye kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu kwa bluetooth. Kwenye simu mtaona yale mafungu 14 kila moja na volti zake. Dereva akanyage kwa nguvu barabarani, halafu afunge freni, mara tano sita. Mafungu yanatakiwa kushuka pamoja na kupanda pamoja, kama watu wanaobeba jeneza. Likiwapo moja linaloachwa nyuma kwa nusu volti au zaidi kila mara gari inapovuta, batri hiyo inaumwa, na bei lazima iseme hivyo. Omba pia karatasi ya mnada wa Japani. Ina kilomita zilizoandikwa kule, na wakati mwingine hazifanani na zile unazoziona kwenye dashibodi.

Jambo moja dogo linaloogopesha watu bure: Prius ina batri ya pili, ndogo, ya volti 12, nayo iko kwenye buti. Ikiisha nguvu gari haiamki kabisa, dashibodi inabaki giza, na utasikia kelele kwamba batri kubwa imekufa. Ni ile ndogo. Ila msishike kebo za kuazima umeme kinyumenyume. Kosa hilo la sekunde moja linaunguza mtambo ghali kuliko batri yenyewe.

Je, faida iko wapi, baada ya masumbuko yote haya? Kwanza, gari inayosimama kwenye foleni inazima moteri yake. Pili, ukifunga freni, moteri ya umeme inageuka kuwa dinamo na kurudisha nguvu kwenye batri, nguvu ambayo kwenye gari nyingine inapotea kuwa joto kwenye pedi. Pedi zenyewe zinadumu sana kwa sababu hiyo. Na kuna uzuri ambao mimi kama fundi ninaupenda: hiyo Prius haina stata, haina altaneta, haina hata mkanda mmoja mbele ya moteri. Pampu ya maji na kompresa ya baridi vinaendeshwa kwa umeme. Vitu vitatu vinne vinavyoleta magari mengi garajini kwangu, yake havipo kabisa.

Kwa mwendo wa mjini, Prius nzima inakunywa kama lita 5 kwa kilomita 100, wakati gari ndogo ya kawaida ya umri huo inakwenda kwenye lita 8 hivi. Wewe ukitembea kilomita 500 kwa mwezi, unaokoa kama lita 15. Zidisha kwa bei ya pampu ya wiki hii, uone. Si mali ya kutajirisha mtu. Dereva wa taksi anayepiga kilomita 3,000 kwa mwezi anaokoa mara sita ya hapo, na kwake ninasema ndiyo bila kusita. Kwako wewe, ikiwa Prius hiyo ni ghali sana kuliko Toyota IST safi, hesabu miaka mingapi lita 15 zitarudisha tofauti. Na ikiwa safari zako nyingi ni za kwenda Kasumbalesa kuchukua bidhaa, faida inapungua tena, kwa sababu barabara ndefu haina foleni wala freni za kurudisha nguvu. Kitu kingine: iko chini, kama sentimita 14 tu kutoka ardhini. Wewe unaijua njia ya mpaka mlangoni kwako Ruashi wakati wa mvua za Januari. Kama kuna mabwawa ya maji yanayofika kizingiti cha mlango wa gari, usiipitishe humo.

Nije kwa kijana wako. Hajakosea sana, na ningependa asome jibu hili. Umeme wetu unatoka kwenye maji: mitambo ya Nzilo, Nseke, Mwadingusha, na ule wa Inga unaokuja kwa laini ya kilomita kama 1,700 mpaka Kolwezi. Gari ya umeme ikichajiwa Lubumbashi ingekuwa safi kweli, safi kuliko ile inayochajiwa katika nchi inayochoma makaa ya mawe. Tuchukue Nissan Leaf ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010, kwa sababu ndizo zinazouzwa rahisi sasa Japani. Batri yake ni kilowati-saa 24. Plagi ya kawaida ya nyumbani, ampea 10, inaipa kilowati 2.2 hivi. Umeme ukija saa tano usiku na kukatika saa kumi na moja alfajiri, umepata kama kilowati-saa 13, na hizo zinakutembeza kilomita 70 bila shida. Ruashi, soko la Kenya na kurudi haifiki hata nusu.

Kwa hesabu basi inatosha. Tatizo ni usiku ambao umeme hauji, na ule unaokuja dhaifu, volti 150 au 160, taa zinawaka nyekundu. Chaja nyingi zinakataa kufanya kazi hapo. Transfoma ya mtaa ikiungua, unajua mwenyewe tunangoja muda gani. Kuchaji kwa jenereta ni kuchoma esansi kwa njia ndefu zaidi. Na Leaf hizo za zamani batri yao haina mfumo wa kuipoza, hata feni, kwa hiyo zilizoishi kwenye joto zimepungua sana. Dashibodi inaonyesha vijiti 12 vya afya ya batri. Ukikuta vimebaki 8, hiyo si gari ya kununua kwa akiba ya soko. Kama ningekuwa na nyumba mahali umeme haukatiki, au paneli za jua za kutosha, ningenunua ya umeme leo. Wewe bado.

Kuhusu kobalti, ninaongea kwa uchungu. Barabara ya Kasumbalesa inapita karibu na garaji yangu, na malori ninayoyaona yakibeba magunia makubwa meupe yanapeleka unga wa kobalti ambao bado haujawa batri wala kitu chochote cha kuuza dukani. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani, halafu usafishaji mwingi unafanyika China. Kobalti kuchimbwa karibu na nyumba yako hakupunguzi bei ya gari hata faranga moja, kama vile mahindi yanayosagwa mbali yanavyorudi unga ghali. Na kuna jambo ambalo vijana wetu wanatakiwa kulijua mapema. Mwanasayansi John Goodenough, ambaye kazi yake ya Oxford mwaka 1980 iliiingiza kobalti ndani ya batri ya lithiamu, ndiye ambaye maabara yake huko Texas, miaka ya 1990, ilionyesha kwamba chuma na fosfati vinaweza kufanya kazi hiyo. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019 pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Leo magari mengi mapya ya China yana hizo batri za chuma na fosfati, bila kobalti wala nikeli. Ni za bei nafuu, zinavumilia kuchajiwa mara nyingi, na hazishiki moto kirahisi. Serikali ilisimamisha kobalti kwenda nje Februari 2025, ikaweka viwango Oktoba mwaka huohuo, na ninaelewa kwa nini. Lakini kila mwezi kobalti inapokuwa ghali, kiwanda kimoja zaidi kinatazama upande wa chuma. UNILU ina kituo cha utafiti wa batri tangu 2022. Kijana wako kama anapenda mambo haya, agonge mlango pale. Tunahitaji watu wanaojua kutengeneza batri hapa, na watu wanaojua kuzirekebisha hapa, zaidi ya tunavyohitaji magunia meupe.

Mafuta ya mimea nayapita haraka. Brazil wanaendesha magari kwa alikoli ya miwa tangu miaka ya 1970, wana mashamba, viwanda na moteri zilizotengenezwa kwa ajili yake. Sisi pampu zetu hazina. Gesi wanayotumia Dar es Salaam inatoka Songo Songo kwa bomba, na bomba hilo halifiki huku. Haidrojeni iache kabisa.

Mafuta yanayokuhusu wewe ni yale ya leo. Usinunue esansi ya Kadhafi, wale vijana wa chupa barabarani, kwa ajili ya gari hii. Chupa inaweza kuwa na maji au mafuta ya taa, na kompyuta ya Prius haivumilii kama karbureta ya zamani. Jaza pampu moja unayoiamini. Na mtu asije akakushawishi kukata lile pipa dogo kwenye ekzosi, eti gari ipumue. Ndani yake kuna platini, paladi na rodi, madini ya thamani, na anayelikata anajua atakwenda kuliuza wapi. Pipa hilo ndilo linalosafisha moshi ambao watoto wa Ruashi wanauvuta wakitembea kwenda shule. Nchi zilihangaika miaka mingi kuondoa madini ya risasi kwenye esansi, na ya mwisho, Algeria, iliacha mwaka 2021, ili vyombo kama hivyo vifanye kazi na hewa ipate nafuu. Kabla hujalipa, mwambie fundi alale chini ya gari ahakikishe pipa bado lipo. Kwenye Prius linaibwa kuliko magari mengine.

Mkiipata siku ya kwenda kuiona, njooni mnichukue saa kumi na moja na nusu. Kifaa cha kusoma mafungu ninacho, na tochi. Nawe chukua balo moja la vitenge, tuone kama linaenea kwenye buti bila kugusa kile kidirisha.